"Umba, Umba" ni Lugha ya Nani?

Muhula huu tumefundishwa kuwa Dada ni fasihi iliyoikataa vita. Ni kweli. Mwaka 1916, Ulaya ikichinjana, vijana waliokimbilia Zurich, Uswisi, walifungua ukumbi mdogo ulioitwa Cabaret Voltaire. Kama ustaarabu ndio huu wa mizinga, walisema, basi hawautaki. Wakatafuta kitu kisicho cha kistaarabu. Wapi? Kwetu, bila shaka.

Richard Huelsenbeck, Mjerumani, alipiga ngoma na kughani mashairi aliyoyaita ya watu weusi, yakiishia "umba, umba". Kwetu umba ni kitenzi; kwake ilikuwa sauti tu, kaitunga mwenyewe. Mwenye ukumbi, Jan Ephraim, baharia wa zamani, akamwambia haya si ya Afrika, akampa mengine. Huelsenbeck akayasoma, ila "umba" yake hakuiacha! Mwenzake, Tristan Tzara, yeye alichota nyimbo za Afrika na Oceania kwenye maandishi ya wanaethnolojia.

Rafiki yangu ananiambia, "Acha hizo bwana, hao walikuwa wanapinga vita." Nakubali, na hasira yao ilikuwa ya kweli. Lakini hebu tuangalie kalenda.

Mwaka huohuo wa 1916, Waingereza waliivamia Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Septemba wakaiteka Dar es Salaam. Pande zote mbili ziliwachukua wanaume wa huku, wengi kwa nguvu, wabebe mizigo ya majeshi. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kariakoo tunakonunua viatu ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Kwa hiyo Mwafrika wa jukwaani Zurich hakuijua vita. Alikuwa na ngoma tu. Mwafrika halisi alikuwa ndani ya vita, na mzigo kichwani. Ethnolojia ya wakati ule iliwapa washairi Mwafrika asiye na tarehe, nao hawakuuliza yuko wapi leo.

Sisi tunaosomea ualimu tusiifute Dada kwenye mtaala. Tuifundishe, ila siku hiyohiyo tuitaje na Kariakoo. Maana ipo siku mwanafunzi wa kidato cha tano atanyoosha mkono aulize: "Mwalimu, umba umba ni lugha ya nani?" Mimi sitaki kumjibu kwamba hilo haliji kwenye mtihani.