Mpime Mama Kwanza, Kitambaa Baadaye



Mwezi huu twapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hunong'onezana tukitoka kwa fundi, lakini hatulisemi wazi: nguo ya mama mnene.

Hapa Busale kikundi chetu cha akina mama kiliamua kushona sare. Tulikubaliana kila mama atoe pesa sawa na apate yadi 3 za kitambaa, na fundi awe mmoja. Sare zilifika Jumamosi jioni, na kesho yake tulitakiwa kuimba. Mwenzetu mmoja, mwenye sauti ya pili tunayoitegemea, alijibana ndani ya gauni lake kwa kuwa muda wa kulirekebisha haukuwepo. Tulipoinua mikono kuimba, mshono wa kwapani ukaachia, na waliokuwa karibu wakasikia. Baadhi yetu walicheka. Tuseme kweli: hata sisi tunaoandika ukurasa huu tulicheka.

Mama yule hakuja tena mazoezini. Miezi mitatu ikapita. Kibaya zaidi, hakuja hata kupima presha, maana anayempima ni sisi sisi tuliocheka. Tulipomfuata nyumbani tulikuta dawa zake zimekwisha zamani. Tukamwomba radhi. Naye akajibu kwa upole, "Dada, fundi hana kosa. Kosa ni la mwili huu."

Maneno hayo yalituchoma. Katika kazi ya uuguzi tunajua kwamba mkanda wa kupimia presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene, hutoa kipimo cha juu kuliko presha halisi ya mgonjwa. Hapo muuguzi hausemi vibaya mkono wa mgonjwa. Hutafuta mkanda mkubwa. Basi kwa nini kwenye nguo tunaulaumu mwili?

Kwa fundi

Mama mpendwa, mwambie fundi akupime mwili ulio nao leo. Gauni la harusi lisiwe kipimo, wala mwili unaotarajia kuwa nao Krismasi. Vaa sidiria utakayoivalia nguo hiyo, simama kawaida, wala usizuie pumzi. Futikamba ipite penye unene wa kifua, kiunoni na penye unene wa nyonga, na iache nafasi ya vidole viwili. Usimwache fundi akasahau unene wa mkono wa juu. Mashono mengi ya kwapani hufia hapo. Kisha kaa kitini upimwe nyonga tena, kwa kuwa mtu akikaa hupanuka, na kanisani tunakaa muda mrefu.

Vitenge vingi vina upana wa inchi 45 hivi. Mwenye nyonga za inchi 50 hawezi kuzungukwa na upana mmoja, hivyo mbele na nyuma lazima vikatwe mbali mbali. Ndiyo sababu yadi 3 zinazomtosha jirani yako hazikutoshi wewe. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukauka kabla ya kukatwa, kisije kikarudi baada ya kufuliwa. Mwombe fundi aache inchi moja ya ziada ndani ya mshono kila upande, ili nguo iweze kuachiwa baadaye bila kununua nyingine.

Mshono unaopendeza

Wengi wetu hudhani nguo pana kama gunia huficha unene. La, huuongeza. Dera ni zuri nyumbani wakati wa joto, lakini nguo ya kutokea ifuate umbo bila kulibana. Fundi akifinya kitambaa kidogo pembeni na chini ya kifua, gauni hukaa vizuri, na kutoka hapo literemke kwa uhuru. Shingo yenye umbo la V hurefusha, na mkono unaofika chini kidogo ya kiwiko humpendeza mama mwenye mikono minene. Sketi ya vipande 6 inayofunguka kuelekea chini hupita kwenye nyonga bila kugoma. Na fundi asiweke ua moja kubwa la kitenge katikati ya tumbo!

Huku kwetu Kyela, bondeni karibu na ziwa, joto na unyevu si mchezo. Kitambaa kizito kinachomfaa ndugu yetu wa Tukuyu kwenye baridi kitakutesa hapa. Chagua pamba.

Kwenye mitumba, iwe Kyela mjini au mpakani Kasumulu, usiamini namba peke yake. Namba 14 ya Marekani inakaribiana na 18 ya Uingereza. Nenda na futikamba mkobani, pima kifua na nyonga za nguo yenyewe, na kagua mishono ya kwapani na zipu. Heri kununua nguo kubwa kidogo na kuipeleka kwa fundi apunguze. Ndogo haina pa kuongezwa.

Neno la muuguzi

Nguo inayobana hukusanya jasho. Chini ya matiti na katikati ya mapaja ngozi huchubuka, kisha fangasi huingia. Oga, jikaushe vizuri kwenye mikunjo, vaa sidiria ya pamba na taiti ya pamba chini ya gauni. Ukiona wekundu, majimaji au harufu, nenda zahanati. Na kama fangasi hurudi rudi, huku una kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, omba kupimwa sukari.

Futikamba hiyo hiyo ya fundi ina habari nyingine. Kiuno cha mwanamke kikipita sentimeta 88, yaani karibu inchi 35, hatari ya presha, kisukari na maradhi ya moyo huwa kubwa. Usikae nayo habari hiyo kwa aibu. Njoo upimwe, tuzungumze juu ya chakula na mazoezi. Lakini wakati unaushughulikia mwili, uvike vizuri. Mama anayeona haya kutoka nje hatembei, haji kliniki, wala haimbi.

Hesabu ya sare

Mwaka uliofuata tulibadili utaratibu. Tulikuwa akina mama 20, na kwa desturi ya zamani tungenunua yadi 60. Safari hii fundi alitupima wote kabla ya kununua. Wanane walitosheka na yadi 2 na nusu, wanane yadi 3, na wanne walihitaji yadi 4. Jumlisha mwenyewe: 20, na 24, na 16. Ni yadi 60 zile zile! Kila mmoja alitoa pesa ile ile kama mwanzo. Kumbe nusu yadi zilizokuwa zikibaki kwa wembamba na kuishia kuwa viraka ndizo zilizokuwa zikikosekana kwapani mwa wenzetu.

Kwa hiyo, wenyeviti na wahazini wa vikundi, tunawasihi: kabla ya kwenda dukani, mpimeni kila mama, faraghani, na vipimo vyake visisomwe mbele ya watu.

Mwenzetu yule alivaa sare yake mpya Jumapili, akainua mikono yote miwili, na mshono ukakaa. Jumatatu alikuja kupima presha. Tulimfunga mkanda mkubwa. Alipomaliza alisema neno moja tu la kwetu, "Ndaga," yaani asante, naye akaenda kuchukua dawa zake.