Ua Mfupi wa Philadelphia

Kiwanja kisichoshughulikiwa hakikai kitupu. Hujaa magugu, kisha taka, kisha watu wasiopenda kuonekana. Wakaazi wa Philadelphia, Marekani, waliyajua hayo kwa uchungu viwanda vilipofungwa na nyumba zikabomolewa.

Chama cha bustani cha Pennsylvania, kilichoasisiwa humo mwaka 1827, kingaliweza kubaki baraza la wapenda maua. Mwaka 1974 kilishuka mitaani kuwasaidia majirani kulima mboga na kupanda miti. Baadaye kikavigeukia viwanja vilivyotelekezwa: taka huzolewa, ardhi husawazishwa, hupandwa nyasi na miti michache, kisha huwekwa ua mfupi wa mbao wenye nafasi ya kupitia.

Watafiti walivilinganisha viwanja vilivyotengenezwa na vilivyoachwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa katika mitaa ya mafukara uhalifu wa bunduki ulipungua kwa asilimia 29 hivi.

Zingatieni, wazazi wenzangu, ua ule. Haumzuii mtu kupita. Unatangaza tu kwamba mahali hapo pana wenyewe. Lakini nyasi zisipofyekwa, jaa hurudi. Ndiyo maana chama huvilipa baadhi ya vikundi vya mitaani kuvitunza viwanja hivyo, na kijana akapata ujuzi pamoja na riziki.

Nasi mitaa yetu haikosi majaa. Tuanze na lile ambalo watoto wetu hulipita kila asubuhi.