Mchoraji wa Darajani na Mwamuzi Wake

Wako wasomi wapitao katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, wakaziona picha zilizotundikwa milangoni pa maduka, wakatikisa vichwa na kusema kwamba sanaa imekufa, na kilichobaki ni uchuuzi. Twiga ni yule yule, pundamilia ni yule yule, na Mmasai mwekundu amesimama vile vile katika maduka kumi. Lawama yote huangukia kichwa cha mchoraji: ati ni mvivu, ni mwigaji, hana fikira. Hukumu hiyo ni nyepesi, tena si ya haki. Lililopungua si akili ya mchoraji. Kilichokosekana ni mwamuzi wa kazi yake, na mwamuzi huyo ni mwenyeji.

Atakaye kuujua ukweli na autazame mwaka wa mchoraji ulivyo. Zamani majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na biashara ya Unguja ikafuata pepo hizo mbili. Siku hizi wageni huja kwa ndege, lakini mwendo wa mwaka haukubadilika sana. Kaskazi huleta watu wa Desemba hata Februari, na mwezi huo wa Februari ndio wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Kisha hushuka masika. Hoteli nyingi za pwani hufunga milango, rangi ya mafuta hukawia kukauka kwa unyevu, na chumba cha kazi hujaa picha zisizo na mnunuzi. Kusi likivuma wageni hurudi, na tamasha la filamu la nchi za majahazi, lililoanza mwaka 1998, huwakusanya Ngome Kongwe. Basi mchoraji huchora wakati wa mvua kitu anachodhani kitauzwa wakati wa upepo. Hachori alijualo, hubahatisha atakalo mtu ambaye bado hajapanda ndege. Je, mtu afanyaye kazi kwa kubahatisha atathubutu jambo jipya, hali kodi ya chumba inamngoja?

Mtindo wenyewe unaodharauliwa haukuanza hivyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Aliuza kazi zake Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores. Naye pia aliwauzia wageni, lakini wengi wao walikuwa wakazi wa mtaa ule. Mtu akaaye aweza kurudi kesho akasifu au akalalamika. Mtu apitaye hawezi. Tingatinga alifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka minne hivi tu, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na ushirika wao ukaandikishwa mwaka 1990. Mtindo ulipoenea hata Unguja, hadibodi iliachia nafasi kitambaa, kwa sababu kitambaa huviringishwa kikaingia katika sanduku la msafiri. Hapo sanduku likawa mwalimu: ndilo lililoamua ukubwa wa picha, uzito wake, hata na jambo la kuchorwa. Wa kulaumiwa ni mwalimu, si mwanafunzi.

Hapo Darajani penyewe pana shahidi mkubwa wa neno hili, nayo ni kanga. Kanga nayo ni kazi ya mchoraji: ina pindo, ina mji, ina jina lake. Kwa muda mrefu ilichapwa mbali, Ulaya, India na Japani, wala wachapaji wale hawakujua Kiswahili. Lakini haikuharibika. Kwa nini? Kwa kuwa mwanamke wa pwani aliishika mkononi, akalisoma jina, akalinganisha pindo na mji, na kama haikumpendeza aliiacha dukani. Mfanya biashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla", hakuweza kupuuza ulimi wa wanawake hao. Kadhalika taarabu. Siti binti Saad alitiwa sauti katika santuri huko Bombay mwaka 1928, lakini waliomwita stadi ni watu wa Unguja waliomjua maneno na mafumbo yake. Kazi ikiwa na waamuzi nyumbani, husafiri mbali bila ya kupotea. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kukulia Uingereza, alipata Tuzo ya Turner mwaka 2017. Na miongoni mwa kazi zake ziko zilizofuata umbo la kanga, jina na pindo. Kumbe kanga hustahili ukuta wa jumba la sanaa!

Watasema wengine kwamba Mswahili hana desturi ya kutundika picha. Hayo si kweli. Nyumba kongwe za mwambao zilikuwa na zidaka zilizopangwa sahani za kauri, na mpaka leo kuta hupambwa kwa aya na kwa picha za Makka. Watasema dini inakataza sura za viumbe. Na iwe hivyo kwa ashikaye hukumu hiyo. Je, waliochonga milango ya Unguja kwa maua, mnyororo na maandiko walikosa la kufanya? Bahari, ngalawa, mawe ya nyumba na mvua ya masika havina pingamizi. Mwenyeji hakuchukia kupamba. Hakuulizwa apenda nini.

Watasema tena kwamba mgeni ndiye aletaye fedha. Ni kweli, wala hapana amwombaye asije. Lakini mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipozuiwa na wageni wakatoweka, maduka ya picha yalinyamaza, hali soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, lina wateja wa kila siku. Kitoweo kina mwenyeji, picha haina. Fundi ategemeaye mlango mmoja hufa njaa mlango huo ukifungwa.

Basi maonyesho na yafanywe masika, wakati mgeni hayupo. Yafanywe Darajani, si hotelini. Bei iandikwe kwa shilingi, na maelezo yawe ya Kiswahili. Yafanywe tena kabla ya Idi, wakati kila nyumba hununua pazia na mikeka mipya. Skuli, hospitali na ofisi zinunue picha kwa bei ya haki. Jengo si udhuru: Beit-al-Ajaib iliporomoka sehemu yake mwaka 2020, lakini baraza za Unguja zingali zimesimama.

Na wasomi nao wana deni lao. Shairi lenye vina vibovu hukemewa siku ile ile. Picha mbovu hunyamaziwa, na nzuri hunyamaziwa vile vile. Anayetikisa kichwa kichochoroni na aandike, kwa Kiswahili, picha ipi ni njema na kwa sababu gani. Zamani hori liliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja likaviunganisha. Hori lilifukiwa katika karne ya 20. Lakini picha za Unguja zingali zikiuzwa upande mmoja tu, hazijavuka barabara. Mchoraji hawezi kuzivusha peke yake.