Tuukague Moto kama Tuikaguavyo Bunduki

Wahenga walinena kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini askari akiitegemea peke yake itamponza. Jiko la makaa likishakolea halifuki moshi wala halitoi harufu ya kumshtua mtu, na hapo ndipo linapoweza kuua.

Tunalisema jambo hili kwa sababu linawahusu hasa walinzi wa mwambao wetu wa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac. Ziwa letu liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa joto. Imbabura hubaki uani bila kumdhuru mtu. Lakini askari huyo huyo akihamishiwa milima ya Bururi au nyanda za Mugamba, ambako nchi hupanda kupita mita 2000, baridi ya Juni na Julai hupenya koti na blanketi. Hapo imbabura huingizwa chumbani, mlango hufungwa, nyufa huzibwa kwa matambara, na watu hulala. Huku ziwani nako, mvua kubwa ikinyesha, mpishi huhamia ndani na jiko lake.

Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kwa wingi gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, alionyesha kwamba gesi hiyo huifukuza oksijeni katika damu. Nasi leo twajua kuwa hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea, naye hudhani ni malaria. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Wachimba migodi wa Uingereza walikuwa wakishuka na ndege wadogo wa kanari ili ndege akianguka wapate kukimbia, na desturi hiyo ilidumu hadi miaka ya 1980. Katika vyumba vyetu hakuna ndege wa kutuonya.

Aliyewahi kuyatazama makaa gizani ameviona vile vimiali vya buluu vinavyocheza juu yake. Hiyo ndiyo gesi yenyewe inayoungua. Vimiali vikizimika, gesi haikomi kutoka; hutoka bila kuungua na kujaa chumbani. Kuyafunika makaa kwa majivu hakuiondoi hatari hiyo.

Kwa jiko la gesi, ambalo sasa limeingia katika baadhi ya nyumba zetu, rangi ya buluu ni habari njema. Gesi hupita katika tundu dogo, huvuta hewa, huchanganyika nayo, kisha huungua kwa mwali wa buluu uliotulia. Mwali ukiwa wa manjano, ukiyumba na kuacha masizi chini ya sufuria, ujue hewa haitoshi au matundu yameziba. Mvuvi wa ndagala aliyetumia karabai hahitaji kufundishwa somo hili: taa ilipoanza kutoa masizi, aliisafisha kabla ya kuendelea na kazi. Nasi tufanye vivyo hivyo: tuzime jiko, tulisafishe likishapoa, na likikaidi tumwite fundi. Hata mwali ukiwa safi, dirisha libaki wazi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni. Harufu yake imetiwa kwa makusudi ili itushtue. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango, toa watu nje. Usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya umeme. Kiungo cha mpira hukaguliwa kwa povu la sabuni: penye uvujaji povu litafura. Anayekagua kwa moto anajitafutia msiba.

Na ukimkuta mwenzako amezimia kando ya jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje penye hewa safi upesi, umpeleke hospitali hata kama amezinduka. Usimwache alale akidhaniwa amechoka.

Hatuna budi kuwaomba makamanda wa kambi na wakuu wa vituo vya polisi watie ukaguzi wa moto katika ukaguzi wa jioni: imbabura zote ziwe nje kabla ya watu kulala, na majiko ya gesi yatazamwe miali yake. Mahali penye baridi, zitolewe blanketi za kutosha, maana amri ya kutoa jiko nje haitatiiwa na mtu anayetetemeka. Askari anayeisafisha bunduki yake kila siku hashindwi kulitazama jiko lake kwa dakika moja. Na akirudi nyumbani awafundishe mkewe au mumewe na watoto, kwa kuwa hao hawana kamanda wa kuwakagua usiku.