Duka Lisilopokea Sarafu

Septemba 2025 ilitangazwa kwamba Electronic Arts, kampuni ya Marekani yenye gemu ya mpira ya EA Sports FC, itauzwa kwa dola bilioni 55, na kati ya hizo bilioni 20 ni za mkopo. Deni la namna hiyo lazima litafutiwe pesa. Wachezaji wengi wanahofia kwamba watakamuliwa walewale wanaokamuliwa siku zote, wanaonunua pakiti za wanasoka za Ultimate Team, sehemu ya gemu hiyo, kwa kadi ya benki. Sisi tunamwelekeza mnunuzi wa kampuni kwingine. Aje Buguruni, Dar es Salaam.

Mabanda ya gemu ya huku hayana makuu: chumba cha mbele, pazia mlangoni, televisheni mbili tatu na benchi. Unalipa sarafu kwa mechi. Ukifungwa unaachia pedi, mshindi anabaki kumsubiri anayefuata. Pedi ndizo hufa kwanza, na kitufe cha shuti huwa kimelika mpaka alama yake imefutika. Msimu wa usajili ukifika, vijana wanauliza kabla hawajakaa: fulani kashahamia timu mpya humu? Kama bado, wanahamia banda la jirani. Basi mwenye banda anabeba mashine yake mpaka Kariakoo, fundi anamwekea vikosi vipya, analipwa, biashara inaendelea.

Huyo fundi ndiye anayekula pesa ya vikosi vipya. Kampuni haipati hata shilingi.

Ni rahisi kumwita mwenye banda mwizi, na kisheria ana kosa. Hata angenunua diski halisi, leseni yake ni ya mtu kuchezea nyumbani, si kuchezesha kwa malipo. Lakini alipie wapi? Gemu mpya ni dola 70, zaidi ya shilingi laki moja na nusu. Tanzania haimo hata katika orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation Network, kwa hiyo anayetaka kununua humo inambidi aseme anaishi nchi nyingine, kama Uingereza. (Hilo ni la Sony, wenye PlayStation, tukubali. Ila kampuni inayoingiza zaidi ya dola bilioni 7 kwa mwaka haikosi namba ya simu ya Sony.)

Korea Kusini walishalimaliza hili. Kampuni ya NCSoft ilipotoa gemu ya mtandaoni ya Lineage mwaka 1998, haikungoja kila kijana awe na kompyuta kwao. Iliwatoza wenye vyumba vya kompyuta vya mtaani, nao wakawatoza vijana kwa saa. Leseni ya banda ingeweza kwenda hivyohivyo: ya wiki, ilipwe kwa M-Pesa au Airtel Money, vikosi vishuke mara moja kisha mashine icheze bila intaneti, maana bando ndilo litakalomshinda mwenye banda.

Halafu waweke Simba na Yanga. Kaizer Chiefs na Orlando Pirates za Afrika Kusini zilikuwamo katika FIFA, jina la zamani la gemu hii, kwa miaka kadhaa. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba 2025, na bado kijana wa Buguruni anayetaka kuzichezea anakwenda kwenye Dream League Soccer ya simu, anabandika kiungo cha picha ya jezi, anajiundia timu mwenyewe. Mteja anafanya kazi ya kampuni bure, na kampuni haioni.

Wapo watakaouliza nani atazunguka vichochoroni kukusanya malipo na kukagua mashine. Jibu letu litawaudhi wanasheria: fundi yuleyule wa Kariakoo. Anajua banda gani lina mashine ngapi na ipi imeharibika. Apewe uwakala na kamisheni, kama wakala wa pesa za simu aliye hatua chache kutoka kwenye meza yake.