Dinari Mbili za Msamaria



Tunapoeleza mfano wa Msamaria mwema, sisi wahubiri hupenda kukaa juu ya mafuta na divai, juu ya vidonda vilivyofungwa na mnyama aliyembeba majeruhi. Kuna jambo moja tunalolipita haraka. Kesho yake Msamaria alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Alitoa fedha. Ni kweli kwamba hakumpa majeruhi mwenyewe mkononi. Alimkabidhi mwenye nyumba ya wageni, kwa kuwa mtu yule alikuwa karibu na kufa. Hapo ndipo ninapotaka tutafakari juma hili. Maskini wengi tunaowafahamu hapa Mbozi Mission hawajazimia. Wana akili timamu, wanajua bei ya chumvi na deni la dukani. Kwa nini basi tunawasaidia kana kwamba hawawezi kukabidhiwa hata shilingi?

Nauliza swali hili kwa sababu baada ya Misa, pale nje ya kanisa, nimesikia mara nyingi maneno kuhusu fedha za TASAF. Wako wanaosema ni kuwazoesha watu uvivu. Wako wanaosema zinaishia kilabuni. Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikuwa upande wao, ingawa sikuthubutu kusema kwa sauti kubwa. Leo naomba niwaeleze kilichonibadilisha.

Kwanza tukumbushane mambo yenyewe. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na miaka yake ya mwanzo ulijulikana zaidi kwa kusaidia kujenga madarasa, zahanati na miradi ya maji. Mwaka 2010 yalianza majaribio ya kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha taslimu katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Mwaka 2012 ulizinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ndani ya miaka michache ulizifikia kaya zipatazo milioni 1.1 Tanzania Bara na Zanzibar. Kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020. Wanakijiji wenyewe walitaja kaya zilizo maskini zaidi katika mkutano wa hadhara, kisha taarifa za kaya hizo zikahakikiwa. Malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Kwa viwango vya mwanzo, kaya haikuweza kupata zaidi ya Sh. 38,000 kwa mwezi, na nyingi zilipata chini ya hapo. Sehemu ya fedha ilitegemea watoto kuhudhuria shule na wadogo kupelekwa kliniki. Yeyote anayedhani kwamba kuna mtu aliyetajirika kwa kiasi hicho, na ajaribu kuishi nacho kwa mwezi mmoja.

Sasa nije kwa bibi mmoja wa parokia yetu. Sitamtaja jina, maana umaskini wa mtu si tangazo. Bibi huyu analea wajukuu watatu, ana shamba dogo la mahindi na miti michache ya kahawa. Kila Kwaresima sisi tulimpelekea mahindi debe mbili, pengine na blanketi. Siku moja nilimkuta sokoni Mlowo anauza mahindi yale yale tuliyompa. Nilikasirika. Nilimwita pembeni na kumwambia kwamba sadaka ya waamini haiuzwi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameifunga mbele kwa heshima. Kisha akasema, "Baba Paroko, nisamehe. Lakini mtoto hawezi kwenda shule na debe la mahindi kichwani. Wanamwuliza daftari."

Nilirudi nyumbani nimekaa kimya. Bibi yule aliuza mahindi kwa bei ya mtu mwenye shida, akatoka na fedha pungufu kuliko tulizotumia sisi kuyanunua na kuyasafirisha. Tofauti ile iliyopotea njiani ilikuwa gharama ya kutokumwamini kwetu, na aliyeilipa ni yeye.

Baadaye kaya yake iliingizwa katika mpango, na ikawa inapokea takribani Sh. 40,000 kila miezi miwili. Nilitazamia kuona nini? Labda bati jipya au mbuzi uani. Vitu hivyo vilikuja polepole, na kwa uchache. Kilichobadilika kwanza ni kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni mwezi wa Januari.

Wakulima wenzangu mnaelewa ninachosema. Katika nyanda zetu mvua huanza Novemba, na mahindi mapya huvunwa kuanzia Mei. Katikati hapo, Januari hadi Machi, ghala la maskini huwa tupu na bei ya mahindi imepanda. Ndio wakati palizi inapohitaji mikono. Mtu asiye na chakula analazimika kuacha shamba lake lifunikwe na magugu, akapalilie la jirani apate unga wa siku ile. Ndio wakati pia wanunuzi wanapopita mashambani na kumlipa mwenye dhiki kahawa ikingali mbichi mtini, kwa sehemu ndogo ya bei ambayo angeipata baada ya mavuno kupitia chama chake cha ushirika. Kule Kagera biashara hiyo huitwa butura. Kwa namna hiyo maskini anavuna kidogo kwa sababu alikosa nafasi ya kupalilia, na kile kidogo alichovuna kimekwisha kuuzwa. Mwaka unaofuata anaanza na njaa ile ile. Majirani wanasema ni mvivu, ilhali amefanya kazi kuliko sisi sote, katika mashamba ya watu wengine.

Mwaka wa kwanza wa ruzuku, bibi yule alipalilia shamba lake mwenyewe. Mwaka wa pili hakuuza kahawa mtini. Mnunuzi alipofika alimwambia arudi msimu ukifika. Aliponisimulia hayo alicheka, na nilitambua kwamba pengine ilikuwa mara yake ya kwanza katika miaka mingi kumwambia mtu mwenye fedha neno "hapana". Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi kubwa ya fedha ndogo inayokuja kwa siku inayofahamika. Inampa maskini uwezo wa kusubiri, na anayeweza kusubiri hauzi jasho lake kwa bei ya kutupa.

Mtu atasema, "Padre, huyo ni bibi mmoja tu." Ni haki kusema hivyo. Tutazame basi waliopima kwa makini. Katika majaribio ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha vilichaguliwa vijiji 80, na nusu yake vikaanza kupata ruzuku wakati vingine vikisubiri, ili hali zao zilinganishwe. Kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya, ziliugua siku chache zaidi, zilifuga kuku na mbuzi zaidi, na zilinunulia watoto viatu. Nchini Kenya, katika Kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini zaidi ya 10,000 takribani dola 1,000 za Kimarekani kila moja, bila sharti lolote. Watafiti waliofuatilia waliona kwamba kila dola iliyoingia ilizaa takribani dola mbili na nusu za shughuli za uchumi katika eneo lile, kwa kuwa fedha ilipita kwa fundi, kwa muuza duka na kwa kibarua. Bei za bidhaa hazikupanda ila kwa kiasi kidogo mno.

Vipi kuhusu pombe? Wachumi wawili, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kwa ujumla, hawakuona kwamba ruzuku huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Sisemi kwamba hakuna hata mmoja aliyelewea fedha ya watoto. Yupo, na sote tunaweza kumtaja. Lakini wapo pia wanaolewea mshahara, pensheni na fedha ya kahawa, na hatujasikia mtu akipendekeza kwamba walimu wetu walipwe kwa unga na blanketi.

Aidha, sitaki kuwapamba wenye kuutetea utaratibu huu kuliko inavyostahili. Ruzuku ina majeraha yake. La kwanza ni la wale wanaokosa. Katika kijiji ambacho wengi ni maskini, kumchagua mmoja na kumwacha jirani yake aliyemzidi kuku wawili ni jambo linaloacha uchungu. Hata Kanisa la mwanzo lilijaribiwa na jambo hili. Matendo ya Mitume yanatusimulia manung'uniko yaliyozuka pale wajane wa upande mmoja walipoona wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakufuta mgawo. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye kuaminika wausimamie. La pili ni udanganyifu. Katika mpango wetu wa taifa ziligundulika kaya hewa kwa maelfu, zikaondolewa. Hayo hayakufanywa na bibi zetu, yalifanywa na watu wanaojua kuandika. La tatu ni malipo kuchelewa. Fedha iliyotarajiwa Januari ikifika Aprili, magugu hayakuisubiri.

La nne ni zito zaidi. Fedha haijengi hospitali. Mwaka 2025 watafiti wa Siaya walitoa matokeo mengine yaliyonishtua kwa wema wake: katika kaya zilizopokea, vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Akina mama waliweza kupumzika kazi nzito kabla na baada ya kujifungua, na waliweza kufika kwenye huduma. Lakini faida ilikuwa kubwa zaidi kwa walioishi karibu na kituo cha afya chenye madaktari. Sisi wa Mbozi tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Ndugu zetu Wamoraviani waliofika hapa mwaka 1899 waliacha hospitali inayowatibu Wakatoliki, Wamoraviani, Waislamu na wasio na dini. Nauli ya kufika hospitalini ina maana pale hospitali ilipo. Kwa hiyo asitokee kiongozi wa kutuambia kwamba kwa kuwa maskini wamepewa fedha, deni la zahanati na barabara limefutwa.

Hali kadhalika, mpango wowote una muda wake, na kaya huondolewa zinapoonekana zimejikwamua. Hapo ndipo jumuiya inapotakiwa kuwa macho, maana mtu aliyevuka mto jana anaweza kuteleza ukingoni leo.

Sasa nifike kwetu. Halmashauri ya Walei itakutana hivi karibuni kuamua matumizi ya makusanyo ya Kwaresima. Mwaka hadi mwaka tumenunua mahindi, sukari na sabuni, tukawapanga wahitaji mbele ya altare, tukawapiga picha, tukapiga makofi. Ninapendekeza, na nitasema hivyo kikaoni, kwamba safari hii tutoe fedha. Jumuiya Ndogo Ndogo zitaje kaya kwa uwazi, na orodha ipitiwe na watu wasio na ndugu ndani yake. Fedha itolewe kwa siku moja inayofahamika mapema, mwezi Januari, kabla ya wanunuzi wa kahawa kupita. Akabidhiwe yule anayepika na kulea. Pasiwe na picha. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, au mzee asiye na wa kumtuma dukani, tuendelee kumpelekea chakula, kama Msamaria alivyomkabidhi mwenye nyumba ya wageni yule asiyejiweza.

Najua wazee wa kanisa hawatakubaliana wote nami. Mmoja ameshaniambia, "Padre, ukimpa mahindi una hakika amekula." Namheshimu sana mzee huyu, na hoja yake si ya kubeza. Namjibu kwa unyenyekevu kwamba hakika hiyo hatukuwa nayo kamwe. Nilidhani ninayo, mpaka siku ile ya Mlowo. Tulichokuwa nacho ni faraja ya mtoaji, na tumeilinda faraja hiyo kwa gharama ya mpokeaji.

Wiki iliyopita nilipita kwa bibi. Mjukuu mkubwa alikuwa anaanika maharage, na daftari lake la shule limewekwa juu ya kigoda, limefunikwa kwa gazeti lisichafuke. Nilimwuliza bibi kama angependa parokia imletee mahindi mwaka huu au fedha. Alinitazama kwa muda, kana kwamba anapima kama swali lile ni mtego. Kisha akajibu, "Baba, hujawahi kuniuliza."

Ndugu zangu, tuanze kuuliza.