Kuuza nyumba haraka Pemba: Bei hushuka kabla mnunuzi hajafika

Na Mwandishi Wetu

NYUMBA nyingi zinazouzwa kwa haraka kisiwani Pemba haziuzwi kwa sababu wenyewe wamechoka kuzimiliki. Huuzwa kwa sababu mgonjwa anatakiwa kupelekwa Dar es Salaam au India, deni limefika ukomo wake, au mzee amefariki na warithi waliotawanyika Unguja, Mombasa na Maskati wanataka kila mmoja apate haki yake.

Muuzaji wa namna hiyo huingia sokoni akiwa na muda mfupi na nyaraka pungufu. Mnunuzi mwerevu huyaona yote mawili, na hapo ndipo bei inapoanza kushuka.

Ili kuielewa hali hii hatuna budi kurejea historia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya Serikali na maelfu ya familia zikagaiwa eka tatu tatu kwa ajili ya kulima. Sheria namba 12 ya mwaka 1992 ikaendeleza msingi huo kwa kutamka kuwa ardhi ni ya umma na iko chini ya Rais kwa manufaa ya wananchi wote. Anachokuwa nacho mwananchi ni haki ya matumizi.

Kwa hiyo anayesema "nauza kiwanja changu" kisheria anahaulisha haki ya matumizi, pamoja na jengo lililosimama juu yake. Na ikiwa nyumba imejengwa ndani ya eka tatu za Serikali, hana budi kwanza kuhakikisha kuwa ruhusa ya kuhaulisha ipo, kwani eka hizo hazikutolewa ziwe bidhaa ya sokoni.

Kasoro ya kwanza huonekana kwenye karatasi zenyewe. Wananchi wengi wa Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni hutunza hati ya mauziano iliyoandikwa kienyeji na kushuhudiwa na sheha. Karatasi hiyo ina thamani yake, kwa sababu sheha huwajua watu wa shehia yake na huweza kusema nani alijenga na nani alirithi. Hata hivyo, ushahidi wa sheha si usajili, na wala hauchukui nafasi ya maamuzi ya vyombo vya ardhi.

Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi namba 8 ya mwaka 1994 inataka mauziano ya kudumu yapitiwe na Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Nia yake ni njema: kumlinda mwananchi asije akaachwa bila ardhi kwa sababu ya shida ya siku moja. Lakini mwenye shida ya siku moja ndiye asiyeweza kusubiri. Matokeo yake ni kuwa ngazi iliyowekwa kumlinda mnyonge ndiyo anayokuwa wa kwanza kuiruka.

Aidha, kabla ya kufika huko kuna kupima kiwanja ikiwa hakijapimwa, kutathmini nyumba, kuandikisha hati na kulipa ushuru wa stempu. Kuna ada ya wakili na fungu la dalali. Madeni ya umeme na maji nayo mnunuzi makini hutaka yafutwe kabla hajatoa fedha zake. Kila gharama ambayo muuzaji hakuilipa mapema, mnunuzi huikata katika bei, na aghalabu huikata mara mbili: mara moja kwa gharama yenyewe, mara ya pili kwa wasiwasi.

Ipo pia kodi ya mapato, ambayo ni jambo la Muungano na husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mkaazi anayeuza nyumba hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata. Sheria hiyo inamwachia mwenye makaazi binafsi aliyeimiliki nyumba kwa miaka mitatu au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka mitatu, iwapo faida haizidi shilingi milioni 15.

Tuchukue mfano. Nyumba imeuzwa kwa shilingi milioni 40, na mwenyewe anasema aliijenga kwa milioni 28. Faida ni milioni 12, iko ndani ya kiwango. Lakini ikiwa stakabadhi za saruji, mabati na mafundi anazoweza kuzionesha ni za milioni 20 tu, faida inahesabiwa kuwa milioni 20, na kodi yake ni milioni mbili. Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtihani mkubwa zaidi ni mirathi. Nyumba ya marehemu si ya mtoto mkubwa, wala si ya yule aliyebaki kuitunza. Tuseme marehemu ameacha mke, watoto wawili wanaume na watatu wanawake, na nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 24. Kwa hesabu ya Kiislamu mjane hupata thumni, yaani milioni tatu. Milioni 21 zinazobaki hugawanywa mafungu saba: kila mtoto wa kiume milioni sita, na kila wa kike milioni tatu.

Wakiiuza kwa pupa kwa milioni 18, mjane anaondoka na 2,250,000 badala ya milioni tatu. Laki saba na nusu alizopoteza huenda zingemlipia kodi ya chumba kwa miezi mingi. Na yeye ndiye anayehama.

Isitoshe, mauziano hayo hayawi salama mpaka warithi wote wawe wametambuliwa na kuridhia. Aliyeko ng'ambo anatakiwa atume hati ya uwakala iliyothibitishwa kisheria. Sauti yake kwenye simu haitoshi. Pia katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya shufaa, yaani kutangulizwa kununua fungu la mwenzake kabla ya mtu wa nje. Anayeupuuza utaratibu huo hununua ugomvi, na ugomvi wenyewe huishia Mahakama ya Ardhi, ambako haraka yote iliyokuwapo hugeuka miaka ya kusubiri.

Je, lawama ni za mwananchi peke yake? La hasha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Zanzibar imetunga sheria za upimaji, utambuzi na usajili wa ardhi, na Finland ilisaidia kwa miaka mingi, ukiwemo mradi wa SMOLE ulioanza mwaka 2005. Kamisheni ya Ardhi nayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2015. Sheria zipo. Kinachohitajika ni utambuzi wa ardhi kufika shehia kwa shehia, ada kubandikwa wazi kwenye mbao za matangazo, na mwananchi wa Pemba kumaliza shughuli yake Pemba bila kulazimika kupanda boti. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 kisiwani hapa. Hao si wachache wa kusubiri.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana. Nyumba iliyosajiliwa inaweza kuwekwa dhamana, ikiwemo katika taasisi zenye huduma za kifedha za Kiislamu kwa wasiotaka riba. Mwenye hati anapofikwa na maradhi ana njia mbili: kuuza au kukopa. Asiye na hati ana moja tu, nayo ni kuuza kwa bei ya mwenziwe.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kushughulikia nyaraka ni sasa, ambapo mzee yu hai na hakuna anayeuza. Familia ikae chini na mzee, iulize mpaka wa kiwanja uko wapi, nani anashuhudia, na karatasi zimewekwa wapi. Mazungumzo hayo huona haya kuanzishwa, kwani yanafanana na kumwombea mzee kifo. Lakini mjane atakayekuja kuulizwa maswali hayo na mnunuzi aliyeshika fedha mkononi hatakuwa na nafasi ya kuyajibu vizuri.